Wapiga Hodi wa Wahabu Plaza

Abdulwahab alikwenda Dubai mara moja tu, tena kwa tiketi ya kupewa, akarudi Lindi na kiburi cha mtu aliyezaliwa huko. Tangu aliporudi, jengo la marehemu baba yao, lile la ghorofa linalotazama soko, likaanza kumtia aibu. Kila asubuhi alisimama ng'ambo ya barabara, mikono kiunoni, akilikagua na kusonya.

"Dada," alimwambia Maimuna siku moja, "hili si duka. Hili ni gofu."

Maimuna alikuwa amekaa barazani, mahali alipokuwa akikaa tangu alipofiwa na mumewe, miguu kaikunja, marobota ya kanga na vitenge nyuma yake. Milango ya mbao ilikuwa imefunguliwa yote, hata mpita njia aliweza kuona mpaka shubaka la ukuta wa ndani alimoweka baba yao redio yake zamani. Alimtazama mdogo wake kuanzia viatu vyake vyenye ncha hadi miwani yake ya jua.

"Gofu limekusomesha," alisema. "Gofu limekuozesha mara mbili. Leo ndiyo umeliona ni gofu?"

"Dunia inakwenda mbele."

"Nenda nayo. Mimi niache hapa nilipokaa."

Lakini jengo lilikuwa la wote wawili, na Maimuna alikuwa mwepesi wa kusema na mzito wa kugombana hadi mwisho. Alipochoshwa na picha za maghorofa alizokuwa akioneshwa kwenye simu wakati wa kula, wakati wa kupumzika, hata wakati anatoka msalani, alimwambia afanye anavyotaka. Uso ni wako, alisema, na aibu itakuwa yako.

Abdulwahab akamleta Jerome. Huyu Jerome alijiita injinia, na kofia ngumu ya njano hakuivua hata akila. Kumbe kazi yake kubwa kabla ya Lindi ilikuwa kuweka madirisha ya baa moja Mbagala. Jengo lilikuwa la mawe na chokaa, lenye nguzo nene na roshani ya mbao iliyochongwa na mafundi ambao wajukuu wao sasa ni wazee. Jerome alilizunguka mara moja, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasema litapendeza. Ndiyo uchunguzi wote alioufanya.

Kitu cha kwanza kuvunjwa kilikuwa baraza. Wapiga soga wa soko walikuja kuangalia na vikombe vyao vya kahawa mkononi, kwa kuwa walikuwa wamezoea kunywea palepale. Roshani ikafuata, ikaenda kuwa kuni. Kisha vikaja vyuma, vikafungwa mbele ya ukuta, na juu ya vyuma yakapigiliwa mabati laini ya alukobondi, mekundu na ya fedha, na vioo vya bluu vinavyong'aa, vya aina ile ambayo wa ndani anakuona na wewe wa nje unajiona mwenyewe. Juu kabisa yakawekwa maandishi ya taa: WAHABU PLAZA.

Kwa mbele, hakuna wa kubisha, lilikuwa limeng'aa. Ukipita uchochoroni nyuma ndipo ungecheka. Ukuta uleule uliovimba, bomba lilelile linalovuja, na popo walewale wakitoka darini saa ya magharibi. Maimuna alimwambia kila aliyetaka kusikia kwamba mdogo wake amempaka maiti wanja.

Siku ya ufunguzi watu walijaa. Dua ikasomwa, mheshimiwa mmoja akakata utepe, akasema maendeleo, maendeleo, na biriani ikaliwa mpaka sufuria zikakwanguliwa. Abdulwahab alilia machozi ya furaha hadharani. Kisha watu wakafuta mikono wakaenda zao, na kesho yake hakuja mtu.

Sasa, Maimuna alikuwa na jambo lake moja zito kuliko plaza yoyote, nalo ni binti yake wa pekee, Hafsa. Hafsa alikuwa mwalimu, mpole, msomi, mwenye sura ya kupendeza, na alikuwa amevuka thelathini bila mume. Wachumba walikuja, tena si haba. Mmoja, wa Miteja, Maimuna alisema anakunywa uji kwa sauti ya pampu. Mwingine, karani, alimsema kuwa anatembea mithili ya mtu aliyekalia mwiba. Hakuwahi kumkataza yeyote. Alicheka tu, na kicheko chake kilikuwa na miguu, kikafika kwa wenyewe kabla ya jua kuchwa, na wenyewe wakaghairi.

Safari hii alikuwa Sadick, kijana wa Kilwa Kivinje, muuguzi, na Hafsa alimtaka. Hakulificha hilo. Wazee wa Sadick walikuwa wametuma ujumbe kwamba Jumamosi watakuja Lindi, na baada ya magharibi watafika nyumbani kuzungumza. Usiku ule Hafsa alimshika mama yake mikono yote miwili.

"Mama, hawa naomba uniachie. Mcheke mjomba, mcheke Jerome, cheka dunia nzima. Hawa niachie."

"Mimi?" Maimuna akashika kifua. "Mimi nimecheka nani?"

Hafsa akaikaza mikono yake, macho yamemjaa maji. Maimuna akaona kitu kikimchoma moyoni, akaapa. Na aliapa kweli, kwa nia safi, maana alimpenda mtoto wake kuliko alivyoipenda nafsi yake. Sadick alipoletwa kumsalimu, ana masikio makubwa yaliyochomoza, Maimuna aliuma ulimi, akamkaribisha halua.

Turudi dukani. Jambo ambalo Jerome hakufundishwa, na Abdulwahab alilisahau Dubai, ni hili: pwani hii mtu hafungui mlango wa mtu. Mlango ukiwa wazi, unaingia na salamu yako. Mlango ukiwa umefungwa, una wenyewe ndani, pengine wanakula, pengine wamevua nguo, pengine wanagombana. Unapiga hodi. Ukiambiwa karibu, unaingia. Usipojibiwa unarudia, na mara ya tatu ukinyamaziwa unaondoka, tena bila kinyongo, maana mwenye nyumba ana haki ya kutokuwa tayari. Hivyo ndivyo walivyofundishwa chuoni walikosomea Kurani, na aliyesahau mama yake alimkumbusha kwa kofi. Benki wanaingia, kweli, lakini benki kuna askari mlangoni wa kuwafungulia. Duka la marehemu halikuwahi kufungwa mchana. Sasa lilifungwa kutwa nzima, kioo kizito kutoka juu mpaka chini, kwa sababu kulikuwa na kiyoyozi ndani na Abdulwahab hakutaka baridi yake itoke ikawapoze wauza mihogo.

Basi watu wakawa wanakuja, wanasimama mbele ya kioo, wanajiona, wanapiga hodi. Kiyoyozi kinanguruma, kioo kinene, ndani haisikiki kitu. Wanapiga ya pili. Wanapiga ya tatu. Wanaondoka.

Na Maimuna alikuwa akiyaona yote. Alikuwa amepewa kiti cha kuzunguka nyuma ya kaunta, kiti kilichomtia kizunguzungu wiki nzima, na kutoka kwenye kiti hicho barabara yote ilikuwa sinema yake. Alimwona mzee wa Kiranjeranje na mkewe, wamekuja kununua sare za harusi, wamevua viatu wamevishika mkononi, wanapiga hodi kwa adabu. Alimwona mke wa imamu akijisogeza karibu na kioo, akakenua, akachokoa jino kwa ukucha. Alimwona jogoo wa jirani akipigana na jogoo wa kwenye kioo mpaka akatoka damu kwenye upanga wa kichwani. Alicheka mpaka akashika mbavu.

Fortunata, msichana wa kutoka Rondo aliyeajiriwa kuuza, aliinuka kila mara kutaka kufungua.

"Mama Hafsa, si niwakaribishe?"

"Kaa chini! Mwenye Dubai yake ashuke awakaribishe."

"Lakini hajui."

"Ndiyo raha yake."

Abdulwahab alikuwa amejitengea ofisi juu, upande wa nyuma, chini ya popo. Alishuka kila jioni, anaangalia kanga zilivyopangwa bila kuguswa, anaangalia vigae visivyo na alama ya unyayo, anauliza wateja wako wapi.

"Labda wanaogopa uzuri," Maimuna alimjibu, uso mkavu.

"Watu wa hapa bado wamelala, dada."

"Ndiyo. Wewe ndiye umeamka."

Naye alipanda tena juu taratibu, amejiinamia. Suruali zilikuwa zimeanza kumpwaya. Maimuna aliliona hilo pia, na halikumzuia kucheka. Alitaka mdogo wake akome. Alitaka siku moja ashuke ngazi, avunje kile kioo kwa mkono wake mwenyewe, aseme dada nilikosea. Mpaka hapo, hakuwa tayari kumwambia neno hodi.

Alizoea sana. Hilo ndilo la kumlaumu. Kucheka mtu asiyekuona ni starehe inayonogewa haraka, na Maimuna ilimnogea kuliko tambuu. Mwanzoni alicheka kimya. Baadaye akawa anawaigiza. Mtu akisimama nje, yeye ndani anasimama, mtu akikohoa, naye anakohoa, mtu akipiga hodi, yeye anatega sikio kwa mkono na kujibu, "Hayupo! Kaenda Dubai!" Fortunata alikuwa akicheka kwa kujificha nyuma ya vitambaa.

Jumamosi ikafika. Tangu adhuhuri wingu la masika lilijikusanya upande wa bahari, na baada ya alasiri kulikuwa na giza la kuwashia taa. Fortunata akawasha zote, na dari la Jerome lilikuwa na taa nyingi kuliko ukumbi wa harusi. Maimuna alikuwa na furaha. Nyumbani Hafsa alikuwa amepika tangu asubuhi, mkeka mpya umetandikwa, na yeye mwenyewe alikuwa amevaa gauni lake zuri tayari, amebakiza kufunga duka tu aende.

Kwenye kioo hakuona barabara vizuri. Aliiona sura yake mwenyewe na kaunta na taa, na nyuma ya hayo vivuli, kama watu watatu, wamesimama mlangoni. Kimoja kilikuwa kimeinama upande, kimeegemea mwavuli.

"Wamekuja wengine," akamwambia Fortunata. "Haya, hesabu. Ya kwanza hiyo."

Kile kivuli kilichoinama kilisogea. Maimuna akainuka kwenye kiti, akachukua rula ya kupimia vitambaa, akaiegemea, akapinda kiuno, akavuta mguu mmoja nyuma kama goti limekufa. "Hodi wenyewe," akasema kwa sauti ya kikongwe. "Hodi, nimekuja na goti langu, mnanunua?" Akajisogeza hivyohivyo mpaka karibu na kioo, akatega sikio, akatoa ulimi. "Ya pili! Hayupo bibi, kaenda Dubai!"

Fortunata alicheka, kisha akaacha.

"Mama Hafsa," akasema polepole. "Mbona kama wanatuona?"

"Watatuonaje? Kioo cha Dubai hiki."

Hakuna aliyekuwa amemweleza Maimuna, wala Jerome hakuwa akijua kueleza, kwamba kioo kile hakina upande wa kudumu. Kinamficha aliye gizani na kumwanika aliye kwenye mwanga. Mchana wa jua aliye ndani ndiye mwenye siri. Siku ile, kwa wingu lile na taa zile, Maimuna alikuwa jukwaani.

Radi ikapiga. Umeme ukakatika.

Taa zikazimika, kiyoyozi kikanyamaza, na kioo kikafunguka mbele yake kama pazia. Mzee mwenye kanzu safi na kofia ya kushonwa kwa mkono alikuwa amesimama hatua moja kutoka alipo. Pembeni yake mwanamke mtu mzima mwenye buibui, mkono mmoja kwenye mwavuli, goti lake moja limefungwa bandeji. Nyuma yao kijana amebeba kapu lililofunikwa kitambaa cheupe, na masikio ya kijana yule yalikuwa yamechomoza.

Maimuna alibaki amepinda vilevile, rula mkononi.

Na kwa kuwa kiyoyozi kilikuwa kimenyamaza, alisikia. Yule mwanamke alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Twendeni zetu, kaka. Mwenye nyumba ameshatujibu."

Walikuwa wazee wa Sadick: Mzee Shaaban, baba yake mkubwa, na Bi Kadija, shangazi yake. Walifika mjini mapema, wakaona si adabu kwenda nyumbani kwa wanawake kabla ya kumpitia mjomba dukani kumsalimu. Hata marehemu baba yake Abdulwahab walikuwa wakimpitia hivyohivyo, palepale, enzi za baraza.

Maimuna aliusukuma mlango, akatoka mbio. Mvua ilikuwa imeanza. Hakuwahi kukimbia barabarani tangu utotoni, na wauza mihogo waliokuwa wakihamisha meza zao walisimama kumwangalia.

"Shikamoo, Mzee Shaaban! Shikamooni!"

Mzee aligeuka. "Marahaba, Bi Maimuna. Hujambo?"

"Sijambo. Karibuni, jamani, karibuni ndani, mvua hii..."

"Tumeshafika. Ahsante."

"Kile kioo hakioneshi. Wallahi sikuwaona. Sikujua ni nyinyi."

"Hilo nimelielewa," alisema Bi Kadija. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Maimuna. Alifungua mwavuli wake, akamkinga nao Maimuna pia, maana alikuwa akilowa. "Hukujua ni sisi. Basi ulidhani ni nani?"

Maimuna akafungua kinywa. Aseme alidhani ni maskini wa Kiranjeranje? Aseme alidhani ni vikongwe vya watu wengine, magoti ya watu wengine? Kila jibu lililomjia lilikuwa baya kuliko lililotangulia. Akasimama chini ya mwavuli wa mwanamke aliyemwigiza, maji yakimchuruzika puani.

"Sadick ametusifia sana mtoto wako," Bi Kadija akaendelea. "Anasema ana moyo mzuri. Huenda ni kweli. Ila mke haji peke yake, mwenzangu. Anakuja na kwao."

Sadick alikuwa ameinamisha kichwa. Akalihamisha lile kapu kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Mzee Shaaban akaaga kwa dua ya kheri, wakashika njia ya stendi, polepole kwa ajili ya goti.

Maimuna aliporudi dukani, Abdulwahab alikuwa ameshuka, anapapasa gizani na tochi ya simu.

"Umeme huu! Dada, mbona umelowa? Alikuja mteja?"

"Walikuja wageni wa Hafsa. Wamepiga hodi, mimi nimewacheka, wameondoka."

"Hodi?" Abdulwahab hakuelewa. "Ya nini wapige hodi dukani?"

Basi akamwambia. Alimwambia yote, hakumficha kitu: wa Kiranjeranje na viatu vyao, mke wa imamu, hodi tatu tatu za kila siku, Fortunata alivyotaka kufungua na yeye alivyomkataza. Alitarajia matusi, na aliyataka, maana angalau angeweza kuyajibu. Abdulwahab alikaa juu ya robota, akazima tochi.

"Kwa hiyo walikuwa wanakuja," alisema.

"Kila siku."

"Mimi nilikuwa najifungia juu nalia, dada. Nilidhani mji mzima umenisusa. Nikajiuliza nimewakosea nini." Akavuta kamasi. "Na wewe ulikuwa umekaa hapa unawaona."

Fortunata alikuwa amejibanza kwenye vitambaa. Maimuna aliona haya, haya ya kweli, ya kumtia joto mwili mzima pamoja na nguo zake mbichi.

Simu ikaita juu ya kaunta. Alikuwa Hafsa.

"Mama, nimesikia basi la Kilwa limeingia zamani. Wamekupitieni huko?"

"Wamepita."

"Ukawaona?" Sauti ya Hafsa ilikuwa na kicheko cha woga ndani yake. "Mama, niambie. Umewapenda?"

Maimuna alifuta uso kwa kiganja. Nje mvua ilikuwa imeshika kasi, na njia ya stendi haikuwa na mtu.

"Nimewapenda sana, mwanangu," alisema. "Watu wazuri mno. Sasa funika vyakula, ukae chini. Nakuja kukwambia nilichokufanyia."